Mto upi ni Kagera? Historia fupi ya kufuatilia ukuaji wa halo za maada nyeusi

Ukitoka Lusahunga, wilayani Biharamulo, ukaishika barabara ya malori kuelekea mpakani, utapita Nyakahura, utapita Benaco, halafu utaanza kuteremka hadi Rusumo, wilaya ya Ngara. Pale kuna daraja, na chini ya daraja kuna Mto Kagera unaopiga kelele kwenye maporomoko. Watu wengi wanapita na shughuli zao: mizigo, hati za kusafiria, kubadilisha hela. Wachache wanajua kwamba juu kidogo tu ya maporomoko hayo mito miwili inakutana. Mmoja ni Ruvubu, unaotoka Burundi na kupita kwetu Ngara. Mwingine unaleta maji ya Nyabarongo kutoka Rwanda, yakiwa yameshapita mabwawa ya mafunjo na eneo la Ziwa Rweru. Ikishakutana inakuwa mto mmoja unaoelekea Ziwa Viktoria, na kutoka ziwani maji yanaendelea kama Nile hadi Misri.

Naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa tasnifu yangu mwenyewe. Nilikuwa nimerudi nyumbani likizo, kompyuta mpakato ikiunguruma usiku kucha juu ya meza ya sebuleni. Asubuhi moja babu akaja.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hiyo mashine inakuonyesha nini usiku wote?"

Nikamwambia kwamba natazama vitu vikubwa vya angani vilivyoungana kutokana na vidogo, na kazi yangu ni kurudi nyuma, kujua kila kimoja kilitokana na vipi. Akafikiri kidogo. "Kama Kagera," akasema. Nikasema ndiyo, kama Kagera. "Haya, basi niambie kwanza. Pale juu ya Rusumo, Kagera ni upi? Ni Ruvubu, au ni ule wa Rwanda?"

Nikaanza kujibu, nikakwama. Msomaji, hebu jaribu na wewe. Swali hilo limewahangaisha wasafiri kwa zaidi ya miaka mia moja, na ndilo hilo hilo linalowahangaisha wanafizikia wanaoandika historia ya halo.

Tuanze na halo yenyewe. Mwaka 1933 Fritz Zwicky, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi California, alipima mwendo wa galaksi katika kundi linaloitwa Coma. Zilikuwa zinakimbia mno. Kwa uzito wa nyota zinazoonekana, mvutano wa kundi lile usingetosha kuzishika, na galaksi zingekuwa zimeshatawanyika zamani. Akasema lazima kuna maada nyingine isiyoonekana. Wengi hawakumsikiliza. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walichapisha vipimo vya galaksi ya Andromeda, na katika miaka iliyofuata vipimo vya galaksi nyingi vikaonyesha jambo moja: nyota na gesi za pembeni, mbali na kitovu, zinazunguka kwa kasi ileile kama zile za ndani. Zilitakiwa kwenda polepole. Ni kama kuna uzito mwingine mkubwa unaoizunguka galaksi nzima, nje kabisa ya mwanga wake.

Uzito huo ndio tunaouita maada nyeusi. Jina lenyewe linapotosha kidogo, kwa sababu kitu cheusi ungekiona kikikuzibia taa. Hii haizibi chochote. Mwanga unapita ndani yake kama vile haipo. Tunaijua kwa mvutano wake tu, na kwa hesabu za leo ni karibu mara tano ya maada ya kawaida yote, yaani nyota, gesi, mawe, wewe na mimi. Imekusanyika katika mafungu makubwa yenye umbo la karibu mviringo, na galaksi imekaa katikati ya fungu lake kama mbegu katikati ya parachichi. Fungu hilo ndilo halo. Usichanganye na ule mduara unaouona ukizunguka mwezi usiku wa mawingu mepesi. Ule ni mwanga tu, huu ni uzito.

Sasa, utafuatiliaje ukuaji wa kitu usichokiona, kinachochukua mabilioni ya miaka kukua? Huwezi kukaa ukakisubiri. Darubini inakupa picha moja ya kila galaksi, basi. Njia iliyobaki ni kuutengeneza ulimwengu mdogo wa kuiga, kuuacha ukue, na kuupiga picha kila baada ya muda. Hiyo ndiyo kazi ya uigaji wa kompyuta. (Rafiki zangu bado wanaiita "simulizi" kwa kuchanganya na neno la Kiingereza. Zamani nilikuwa nawasahihisha. Siku hizi nawaacha, maana kwa kweli ni hadithi tunayoilazimisha ifuate sheria za fizikia.)

Wa kwanza kufanya hivyo hakuwa na kompyuta. Mwaka 1941 Erik Holmberg, Msweden wa Lund, alitaka kujua nini hutokea galaksi mbili zikipishana kwa karibu. Kukokotoa kwa mkono mvutano wa kila kitu kwa kila kitu kingine kungemmaliza. Akakumbuka kwamba mwanga wa taa hupungua kwa umbali kwa kanuni ileile ya mvutano: ukienda mara mbili ya umbali, unapata robo. Basi akapanga taa 74 juu ya meza, 37 kwa kila galaksi. Mahali pa kila taa akapima ni mwanga kiasi gani unafika na kutoka upande gani, akauchukulia kuwa ndio mvutano, akaisogeza taa kidogo kufuatana na kipimo, kisha akarudia tena na tena. Mimi huyu mtu namheshimu kuliko wengi wenye kompyuta kubwa. Galaksi zake za taa zilitoa mikia, na zilionyesha kwamba galaksi zikipishana karibu zinaweza kunasana.

Kompyuta zilipokuja, zilianza kwa unyonge. Mwaka 1960 Sebastian von Hoerner, akiwa Heidelberg, aliweza kufuata nyota 16. Mwaka 1963 Sverre Aarseth, Mnorwei aliyekuwa Cambridge, akafika 100. Mwaka 1970 Jim Peebles wa Princeton akatumia chembe 300 kuiga jinsi kundi la Coma, lilelile la Zwicky, lingeweza kujikusanya kutokana na mtawanyiko wa mwanzo. Ukisikia 300 usicheke. Chembe 300 zina jozi 44,850, na kila jozi inavutana, na hesabu hiyo inarudiwa kila hatua ya muda.

Mwaka 1974 William Press na Paul Schechter walitumia chembe 1,000, lakini kilichobaki katika historia ni kanuni yao kuliko kompyuta yao. Walionyesha kwamba ukijua mawimbi madogo ya msongamano yalivyokuwa mwanzoni mwa ulimwengu, unaweza kukisia halo ngapi za ukubwa gani zitakuwepo wakati wowote, bila kufuata hata chembe moja. Kanuni yao inajibu swali la ngapi. Haijibu swali la nani alitokana na nani. Hapo ndipo pengo lilipokaa kwa karibu miaka ishirini.

Katikati ya pengo hilo yalitokea mambo mawili. Mwaka 1978 Simon White na Martin Rees wakapendekeza kwamba halo zinatangulia, kisha gesi inapoa na kuzama katikati yake na kuwa galaksi. Kwa hiyo historia ya galaksi imepanda juu ya mgongo wa historia ya halo: usipoijua ya pili, ya kwanza huielewi. Jambo la pili lilihusu maada nyeusi ni nini. Wengi walidhani ni nyutrino, chembe nyepesi zinazokimbia karibu na kasi ya mwanga. Chembe za mbio hivyo hufuta vifungu vidogo, hivyo vitu vikubwa hutangulia kuumbika halafu vinavunjika. White, Carlos Frenk na Marc Davis waliiga ulimwengu wa namna hiyo mwaka 1983, ukatoka haufanani na wetu. Mwaka 1985, wakiwa pamoja na George Efstathiou, wakajaribu maada nyeusi "baridi", yaani ya chembe zinazokwenda polepole. Walitumia chembe 32,768, na mpangilio ulioonekana kwenye kompyuta ukaanza kufanana na ramani za galaksi halisi.

Katika ulimwengu wa maada baridi, vidogo hutangulia. Halo ndogo inaungana na ndogo mwenziwe, zinakuwa ya kati, ya kati inaimeza nyingine, na katikati ya hayo chembe mojamoja zinadondoka ndani kama manyunyu. Haba na haba. Ndiyo maana swali la ukoo likawa la lazima: kila halo kubwa ya leo ina wazazi, mabibi na mababu wengi, na matawi yote yanaelekea chini kwenye shina moja. Ukiichora inakuwa kama mti, au kama ramani ya mito ya Kagera: vijito vya Nyungwe, vya milima ya Burundi, vya mabonde ya Ngara, vyote mwisho wake Rusumo.

Cedric Lacey na Shaun Cole mwaka 1993 waliendeleza ile kanuni ya Press na Schechter ili itoe pia kasi ya kuungana. Mwaka huohuo Guinevere Kauffmann na White wakawa wanachora miti kwa kubahatisha: unaanza na halo ya leo, unatupa kete zenye uwiano sahihi, unaipasua kuelekea nyuma. Miti ya namna hiyo ni rahisi na hadi leo inatumika. Ila haina mahali, haikuambii halo jirani ilikuwa upande gani. Kufikia mwaka 1997 Boudewijn Roukema na wenzake walikuwa wameshaanza kuichora miti kutokana na chembe zenyewe za uigaji, na hapo kazi ya ufuatiliaji ikaanza hasa.

Inavyofanyika ni hivi. Uigaji unatunza picha chache, tuseme 64, za ulimwengu wake tangu utotoni hadi leo. Katika kila picha unatafuta halo. Njia ya zamani na rahisi inaitwa rafiki wa rafiki: chembe mbili zikiwa karibu kuliko kipimo fulani, kwa kawaida moja ya tano ya umbali wa wastani kati ya chembe, ni marafiki, na rafiki wa rafiki yako ni wako pia. Kikundi kizima cha marafiki ndicho halo. Inavutia, sivyo? Lakini fikiria unahesabu miji kwa njia hiyo, nyumba kwa nyumba. Siku nyumba za kandokando ya barabara zikijaa kutoka Lusahunga hadi Nyakahura, hata kwa mstari mmoja mwembamba tu, hesabu yako itasema ni mji mmoja. Halo mbili zenye daraja jembamba la chembe katikati yake zinapatwa na hilohilo: zinaandikwa kama moja kabla hazijaungana kweli. Na kesho daraja likikatika, zinaandikwa mbili tena.

Ukishazipata halo, unaziunganisha picha kwa picha. Hapa kuna jambo linalorahisisha: kila chembe ina namba yake ya kudumu, kama namba ya kitambulisho cha NIDA. Chembe namba 51,200 ni ileile kwenye picha ya 10 na ya 60. Kwa hiyo unauliza, chembe za halo hii leo ziko wapi kesho? Nyingi zikiwa ndani ya halo fulani, basi hiyo ndiyo mrithi wake. Wengi wape. Kwa kawaida chembe za katikati kabisa, zilizoshikwa sana, hupewa kura yenye uzito zaidi, kwa sababu za pembeni hunyang'anywa ovyo na majirani.

Wakati huo ukubwa wa uigaji ulikuwa unapanda. Mwaka 1986 Josh Barnes na Piet Hut walitoa njia ya kukwepa mzigo wa jozi zote: chembe za mbali unazichukua kwa mafungu, kama unavyosema "watu wa Bukoba" badala ya kuwataja mmoja mmoja. Halafu mwaka 2005 ikaja kazi iliyobadilisha mambo, iliyoitwa Millennium. Volker Springel na wenzake walitumia kompyuta ya Garching, Ujerumani, yenye prosesa 512, wakaiendesha kwa karibu mwezi mzima. Chembe: zaidi ya bilioni 10. Sanduku lao la ulimwengu ni kubwa kiasi kwamba mwanga ungehitaji zaidi ya miaka bilioni 2 kulivuka. Picha zilikuwa 64. Data ilifika terabaiti 25. Juu ya miti yake walipandikiza galaksi milioni 20 hivi.

Ila kwangu mimi, kijana wa Ngara, kikubwa zaidi ni kwamba miti ile iliwekwa kwenye hifadhidata ambayo mtu anaweza kuiuliza maswali akiwa mbali. Unaandika mistari michache, unaomba historia ya halo fulani, unaletewa. Hukuhitaji kuwa na kompyuta ya Garching. Mimi mwenyewe nilijifunza hivyo, kwa bando la simu, nikichagua maswali yenye majibu mafupi ili lisiishe.

Turudi mtoni, maana babu bado anasubiri.

Mwaka 1898 Richard Kandt, daktari Mjerumani ambaye baadaye alianzisha Kigali, alikuwa akitafuta chanzo cha Nile kwa kuifuata Kagera. Kwenye makutano alichagua Nyabarongo, akapanda nayo hadi kijito cha Rukarara katika msitu wa Nyungwe. Mwaka 1937 Mjerumani mwingine, Burkhart Waldecker, alifuata upande wa Ruvubu, akafika Rutovu, Burundi, kwenye chemchemi iliyo kusini kuliko zote, na pakajengwa piramidi dogo la mawe. Mwaka 2006 safari nyingine ikapanda mto wote kutoka Misri, ikarudi Nyungwe na kudai kwamba huko ndiko mbali zaidi. Nani kasema uongo? Hakuna. Kila mmoja alikuwa na kanuni yake kwenye makutano. Ukifuata maji mengi unapata jibu moja, ukifuata urefu unapata jingine, ukifuata kusini unapata la tatu.

Kwenye mti wa halo, tawi unalolichagua linaitwa shina kuu, na tunapochora mstari wa "ukuaji wa halo" tunachora uzito wa shina kuu peke yake. Kanuni ya kawaida: kila picha unayorudi nyuma, chagua mzazi mwenye uzito mkubwa. Inaonekana haina ubishi. Lakini wazazi wawili wakiwa karibu sawa, tofauti ndogo ya kipimo, chembe ishirini tu huku au kule, inakuhamisha tawi, na ukishahamia umehama: kila kitu cha kabla ya hapo kinakuwa historia ya mwingine. Ndiyo maana Gabriella De Lucia na Jérémy Blaizot, mwaka 2007, walitumia kanuni tofauti. Wao walijumlisha uzito wa tawi zima kwenda nyuma na kufuata tawi lenye jumla kubwa. Yaani usiulize tu nani ana maji mengi hapa kwenye makutano, uliza nani amekuwa mto kwa muda mrefu.

Na si suala la majina tu. Umri wa halo kwa kawaida huhesabiwa tangu siku shina kuu lilipofikia nusu ya uzito wa leo. Risa Wechsler na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba halo zilizokua mapema zina kitovu kilichosongamana zaidi. Kwa hiyo ukikosea shina, umekosea umri, na uhusiano wa umri na kitovu unaharibika, na galaksi utakayoiweka mle ndani itakuwa na nyota zee ilhali ilitakiwa kuwa na changa.

Halafu kuna tatizo la mafunjo. Hili ndilo lililonipata.

Halo ndogo ikizama ndani ya kubwa haifi mara moja. Inazunguka humo ndani kwa mabilioni ya miaka, ikichunwa polepole. Mwaka 2008 uigaji ulioitwa Aquarius, ambapo halo moja ya ukubwa wa galaksi yetu ilipewa zaidi ya chembe bilioni moja, ulikuta karibu vihalo 300,000 vikiishi ndani ya hiyo moja. Sasa kihalo kikipita karibu na kitovu cha mwenyeji wake, programu inayotafuta vilima vya msongamano haioni kilima: imezidiwa na mlima ulio nyuma yake. Kwenye picha hiyo kihalo hakipo. Picha inayofuata kimetokea upande wa pili, na programu inakiandika kama halo mpya isiyo na wazazi. Mtoto asiye na mama, mwenye uzito wa mamilioni ya nyota.

Halo yangu ilikuwa hivyo. Nilikuwa na uigaji mdogo, chembe milioni 2 na ushee, unaoweza kukaa kwenye kompyuta mpakato. Kati ya halo zote kulikuwa na moja ambayo mstari wake wa ukuaji ulipanda vizuri, ukaruka ghafla hadi karibu mara mbili, picha mbili baadaye ukaporomoka, halafu ukaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Halo haziporomoki hivyo. Lakini mimi nilikuwa nimeshaandika aya mbili nzima kuieleza: mgongano mkali, chembe zikarushwa nje, na kadhalika. Nilizipenda aya zile. Msimamizi wangu alizisoma akaniuliza swali moja, kama nilikuwa nimetazama chembe zenyewe zilipo. Sikuwa nimetazama.

Nilipozichora, nikaona: halo mbili karibu sawa zilikuwa zinapitana. Kwenye picha mbili za katikati programu ilizihesabu kama moja, na zilipoachana ikampa jina mwenzake. Shina kuu langu lilikuwa limeingia makutanoni kwa Ruvubu likatoka kwa Nyabarongo.

Sikuwa wa kwanza, na hilo lilinifariji kidogo. Mwaka 2013 watafiti walikusanya programu kumi tofauti za kuchora miti, wakazipa zote halo zilezile za uigaji mmoja. Miti kumi ikatoka tofauti. Matawi yaliyokatika, uzito unaoruka na kushuka, halo zinazotokea kubwa bila mzazi, yote yalikuwemo, kwa viwango mbalimbali. Mwaka uliofuata kundi hilo likaonyesha kwamba mara nyingi kosa linaanza kabla ya mti, kwenye programu inayotafuta halo: ikikosea kuona, anayechora mti hana la kufanya. Mwaka huo wa 2013 pia Peter Behroozi na wenzake walitoa dawa mojawapo. Programu yao haitegemei macho peke yake. Inajua halo ilikuwa wapi na ilikuwa inakwenda wapi, inajua mvutano wa majirani, hivyo inakokotoa mahali inapopaswa kuwa. Isipoionekana pale, programu inaiweka kwa muda na kusubiri. Ikitokea mbele, inaunganisha. Mtu wa Rusumo asingehitaji kuambiwa hayo. Maji ya Nyabarongo yakipotea kwenye mafunjo karibu na Rweru na kutokea tena upande wa pili, hakuna anayesema mto mmoja umekufa na mwingine umezaliwa.

Usidhani haya yote ni ya ndani ya kompyuta tu. Galaksi yetu, Njia Nyeupe, ina mti wake. Mwaka 1994 Rodrigo Ibata, Gerard Gilmore na Mike Irwin waligundua galaksi ndogo ya Sagittarius ikiwa inachunwa na yetu sasa hivi. Mwaka 2018 vipimo vya chombo cha Gaia vilionyesha kundi kubwa la nyota zenye mwendo wa kigeni, mabaki ya galaksi iliyomezwa na ya kwetu miaka bilioni 10 hivi iliyopita. Hiyo ni mito ya zamani. Ipo inayofika leo, na unaweza kuiona kwa macho. Januari, usiku usio na mwezi, saa tatu au saa nne, simama mahali penye giza Ngara au Biharamulo, na kwetu giza si tatizo, utazame kusini, si juu sana kutoka kwenye vilima. Utaona wingu dogo hafifu lisilosogea na mawingu mengine. Hilo ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi iliyo umbali wa mwanga wa miaka 160,000 hivi. Vipimo vya mwendo wake vilivyofanywa tangu katikati ya miaka ya 2000 vinaashiria kwamba huenda ndiyo inaingia kwenye halo yetu kwa mara ya kwanza, pamoja na halo yake mwenyewe, nzito kuliko ilivyodhaniwa zamani.

Nilimwonyesha babu wingu hilo. Macho yake si mazuri tena, akasema analiona, sina hakika kama aliliona kweli. Akauliza likishaingia litaitwaje. Nikamwambia litakuwa sehemu ya galaksi yetu, kwa sababu yetu ndiyo kubwa.

"Kwa hiyo unafuata maji mengi," akasema.

Aya zile mbili nilizifuta. Halo ile niliichora upya kwa kanuni zote mbili, ya mzazi mkubwa na ya tawi lenye historia ndefu. Kwa ya kwanza, ilifikia nusu ya uzito wake miaka bilioni 5 hivi iliyopita, kwa ya pili miaka bilioni 8. Kwenye tasnifu nimeweka mistari yote miwili kwenye mchoro mmoja, na chini yake nimeandika kanuni iliyotumika kwa kila mmoja.